Oksijeni kwa Kipimo: Safari Yangu ya Kwanza Bristol

Muuguzi wa wodi ya dharura haachani na kipimo chake cha oksijeni, kile kidogo cha kubana kidoleni, na mimi nilikuwa nacho mfukoni ndege ilipopaa usiku kutoka uwanja wa Kilimanjaro, KIA. Nilikuwa natumwa Bristol, mji wa magharibi mwa Uingereza, nikakae na wauguzi wa huko nione wanavyowapa oksijeni watu wazima wanaofikishwa hospitali wakiwa hoi. Sikuwahi kupanda ndege kabla ya hapo. Kwetu Marangu, mchana wa kuondoka, kipimo kilikuwa kimesoma asilimia 97. Tulipokwisha kula na taa kuzimwa, hamu ya kujua ilinizidi nguvu, nikakibana tena kidoleni. Kikasoma 93. Nikabadilisha kidole, nikapasha mikono joto, nikasubiri. 93.

Jirani yangu wa kiti, kijana anayeongoza watalii mlimani, aliona ninavyokodoa macho. "Usiogope, dada," akaniambia. "Humu ndani tuko karibu na Mandara."

Alisema kweli. Hewa ndani ya ndege huwekwa katika mgandamizo wa mahali pasipozidi mita 2,400 hivi, chini kidogo ya kibanda cha Mandara ambako wapanda mlima wa njia ya Marangu hulala usiku wao wa kwanza. Huko juu hewa ina oksijeni asilimia 21, ileile ya Moshi mjini. Kinachopungua ni mgandamizo unaoisukuma oksijeni iingie kwenye damu. Kileleni Uhuru, mita 5,895, mgandamizo huo unakaribia nusu tu ya ule wa Tanga, na wapagazi wetu wanaijua dawa ya kwanza ya anayezidiwa: mshushe. Mtu mwenye afya hadhuriki na 93 ya usiku mmoja. Nikakirudisha kipimo mfukoni, lakini swali likabaki nami hadi tulipobadilisha ndege Amsterdam. Wodini kwetu swali letu la kila siku ni kama oksijeni ipo au haipo. Inapokuwepo, kiasi gani kinatosha?

Bristol ilinipokea kwa manyunyu yasiyokatika na giza la saa kumi na nusu jioni, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Novemba. Mji umekaa juu ya vilima, nyumba zimepangwa kwenye miinuko zikiwa na rangi za kila namna, na miguu yangu ya Marangu ikajisikia nyumbani. Kilichonitatiza ni watu. Wanapishana njiani bila salamu, kila mtu na lake. Hospitalini nikakutana na kinyume chake: daktari bingwa mwenye mvi, mkuu wa kitengo, alinipa mkono akaniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi ulikataa. Kwetu mtu wa umri ule anaamkiwa kabla hajaulizwa neno lolote. Niliendelea kumwita Daktari kwa siku kadhaa, hata nilipoona linamkosesha raha, ndipo nikajizoesha.

Mwenyeji wangu alikuwa muuguzi mzaliwa wa Kerala, India, aliyekwisha kufanya kazi pale kwa miaka mingi. Hakuanzia wodini. Alinizungusha nyuma ya jengo, kwenye uzio wa chuma, akanionyesha tangi jeupe refu lililosimama wima, mabomba yake yameganda barafu na mvuke mweupe ukitambaa chini yake. Mle ndani oksijeni ni kimiminika, kwa sababu imepoozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri. Lita moja ya kimiminika hicho, ikigeuka hewa, hutoa lita 860 hivi. Kutoka pale inapita ndani ya kuta hadi kwenye kila kitanda. Tulipopanda wodini, mwenyeji wangu alichomeka kipima mtiririko ukutani, akazungusha kitufe, na oksijeni ikaanza kuvuma.

Kwetu zamu huanza kwa kuhesabu mitungi. Unagonga, unasoma geji, unatafuta spana, unausukuma mtungi kwenye kitoroli chenye gurudumu bovu. Mashine za kuzalisha oksijeni tunazo, zinazochuja naitrojeni kutoka kwenye hewa ya chumbani na kutoa lita 5 au 10 kwa dakika, lakini umeme ukikatika nazo hunyamaza, na mtu hukimbilia jenereta. Nilisimama mbele ya ukuta ule unaotoa oksijeni usiku na mchana, nikashikwa na wivu wa waziwazi.

Ndiyo maana sikuelewa nilichokiona baadaye. Mahali penye oksijeni isiyokwisha, agizo nililolisikia mara nyingi kuliko yote lilikuwa "punguza".

Mgonjwa wa kwanza niliyemfuatilia alikuwa mama mwenye nimonia. Aliingia akihema, midomo imebadilika rangi, kipimo kinasoma 82. Hapo hakuna aliyesubiri karatasi. Alivishwa mara moja barakoa yenye mfuko wa akiba, oksijeni ikafunguliwa hadi lita 15 kwa dakika. Mwenyeji wangu alinieleza kwamba mgonjwa mahututi, aliye katika mshtuko, aliyepata ajali kubwa au ambaye moyo wake umesimama, anapewa nyingi kwanza, hesabu zinafuata. Haikuchukua muda kipimo kikasoma 99. Kwetu tungemshukuru Mungu na kuhamia kitanda kinachofuata. Mwenyeji wangu alikunja uso. "Tisini na tisa ni nyingi mno," akasema, akaanza kushusha.

Kwenye chati ya dawa ya yule mama palikuwa na kisanduku chenye lengo lililoandikwa: 94 hadi 98. Oksijeni ilikuwa imeandikwa pale pamoja na antibiotiki, ikiwa na sahihi ya daktari. Mwenyeji wangu alibadilisha barakoa, akapunguza lita, akakaa kitandani dakika tano akimtazama mgonjwa na namba kwa pamoja, kisha akaandika: kifaa gani, lita ngapi, kipimo kinasema nini. Kufikia jioni mama alikuwa na mirija ya puani ya lita 2, anakunywa chai. Nikajifunza na upande wa pili wa kuandika vile. Mgonjwa anaweza kubaki kwenye 95 asubuhi hadi jioni, lakini kama lita zimepanda kutoka 2 hadi 8 ili aifikie hiyo 95, anazidiwa, na daktari lazima aitwe. Asiyeandika lita haoni hilo.

Utaratibu huu una msingi wake. Mwaka 2008 jumuiya ya madaktari wa kifua ya Uingereza, British Thoracic Society, ilitoa mwongozo wa oksijeni kwa watu wazima katika dharura, na ikauhuisha mwaka 2017. Kiini chake ni kifupi. Oksijeni ni dawa ya kutibu upungufu wa oksijeni katika damu, si ya kutibu kuhema. Iandikwe kwa lengo: 94 hadi 98 kwa wagonjwa walio wengi, 88 hadi 92 kwa wale walio katika hatari ya kulimbikiza hewa ya ukaa. Kisha muuguzi apandishe au ashushe ili abaki ndani ya lengo. Nilimwona muuguzi kijana akimwambia daktari, mbele ya mgonjwa, kwamba hajaandika lengo. Daktari akasema ahsante, akaandika. Kwetu ningemsubiri atoke pembeni, nianze na "samahani, Daktari", nimwonyeshe pengo kwa adabu. Njia ni mbili na pengo linazibwa, ila ile yao ilikuwa ya haraka, na haikumvunjia mtu heshima.

Mshangao mkubwa zaidi ulikuja na baba aliyeletwa na maumivu makali ya kifua. Picha ya umeme wa moyo ilionyesha mshipa umeziba. Kipimo chake kilisoma 97. Nikatazama ukutani, nikamtazama mwenyeji wangu, nikangoja. Hakuna aliyegusa oksijeni. Nilifundishwa kwamba mgonjwa wa moyo ni wa kuwekewa oksijeni, na sikuweza kunyamaza; nikauliza. Akanieleza kwamba mwaka 2017 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 6,600 waliodhaniwa kuwa na shambulio la moyo na ambao oksijeni yao haikuwa imepungua. Waliopewa oksijeni hawakuishi zaidi ya wasiopewa. Mwaka uliofuata watafiti wengine walikusanya majaribio 25 yenye wagonjwa zaidi ya 16,000 wenye maradhi ya ghafla ya aina nyingi, wakakuta kwamba waliomiminiwa oksijeni kwa wingi walikufa zaidi ya waliopewa kwa kiasi. Oksijeni ikizidi hubana mishipa ya damu, ile ya moyo ikiwemo. Nilikaa na taarifa hiyo siku nzima.

Katika chumba cha watu wa kifua alilala mzee aliyefanya kazi ujanani mwake kwenye kiwanda cha sigara, kazi iliyolisha familia nyingi za Bristol. Mapafu yake yana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Mkoba wake ulikuwa na kadi ndogo, akanionyesha mwenyewe kwa fahari: imeandikwa lengo lake, 88 hadi 92, ili wahudumu wa gari la wagonjwa waisome kabla ya kufungua oksijeni. Alivaa barakoa yenye kizibo cha buluu. Vizibo hivyo hutofautishwa kwa rangi. Cha buluu kikipewa lita 2 kwa dakika humpa mgonjwa hewa yenye oksijeni asilimia 24, cheupe kwa lita 4 humpa asilimia 28, na rangi nyingine zinapanda hadi asilimia 60. Oksijeni inapita kwenye tundu jembamba kwa kasi, inavuta hewa ya chumbani kwa uwiano uleule, hata mgonjwa ahemeje. Moran Campbell, daktari aliyeieleza mbinu hiyo mwaka 1960, alikuwa akitafuta njia ya kuwapa oksijeni wagonjwa hawa bila kuwalaza kwa hewa ya ukaa.

Kwa nini oksijeni nyingi imdhuru anayeikosa? Jibu nililipata nilipoifikiria mifongo yetu, ile mifereji ya maji ya mlimani. Msimamizi wa mfongo mwenye akili hapeleki maji kwenye kipande kisicho na mazao. Anakiziba kwa tope na kuyaelekeza kwenye migomba. Mapafu hufanya hivyo na damu. Sehemu isiyopata hewa hubana mishipa yake, ili damu iende kwenye sehemu inayopumua vizuri na kuacha hewa ya ukaa huko. Ukimmiminia mgonjwa huyu oksijeni, mishipa iliyojibana hufunguka, damu inamwagika kwenye vipande ambavyo bado havitoi hewa ya ukaa, nayo inalimbikizana. Zaidi ya hayo, himoglobini iliyojaa oksijeni huiachia hewa ya ukaa iliyokuwa imeibeba, na hamu ya kupumua nayo hupungua kwa kiasi. Huko Tasmania, Australia, wagonjwa 405 waliobebwa na magari ya wagonjwa wakidhaniwa kuwa na ugonjwa huu walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2010: katika waliopewa oksijeni kwa wingi walikufa asilimia 9, katika waliopewa kwa kipimo asilimia 4.

Nililiona hilo kwa macho. Kitanda cha jirani aliletwa mgonjwa asiye na kadi, ambaye njiani alikuwa amepewa oksijeni nyingi. Kipimo kilisoma 99, mashavu mekundu, amelala usingizi mzito. Mke wake alikuwa ameketi pembeni, ametulia, anashukuru kwamba hatimaye mumewe anapumzika. Mimi pia ningeshukuru. Mwenyeji wangu alimshika mgonjwa mkono akaukuta una joto, mapigo yakigonga kwa nguvu. Akamwamsha kwa taabu, akamwomba anyooshe mikono. Viganja vikawa vinadondoka na kuinuka. Damu ilichukuliwa kwenye ateri ya kifundo cha mkono, na mashine iliyo palepale wodini ikatoa jibu: hewa ya ukaa imepanda, damu imekuwa na asidi.

Hapo nikajifunza jambo ambalo nisingelibahatisha. Hawakumvua barakoa. Kuikata oksijeni ghafla kunaweza kuiporomosha chini kuliko ilivyokuwa kabla ya kuanza, na mgonjwa akafa kwa kuikosa. Walimshusha hadi kizibo cheupe, wakalenga 88 hadi 92, wakamvika mashine inayosukuma pumzi kupitia barakoa inayobana usoni. Kulipopambazuka alikuwa anauliza miwani yake. Kipimo cha kidoleni kinaona oksijeni tu. Hewa ya ukaa hakiioni. Anayetazama namba pekee angemwacha mtu yule alale.

Siku ya mapumziko niliteremka hadi Hotwells, karibu na mto Avon, kwenye uwanja mdogo wa nyumba za zamani uitwao Dowry Square. Hapo, mwaka 1799, daktari Thomas Beddoes alifungua taasisi ya kutibu wagonjwa kwa kuwavutisha hewa za aina mbalimbali. Ilikuwa miaka 25 tu tangu Joseph Priestley aipate oksijeni katika majaribio yake ya mwaka 1774. James Watt, yule wa injini za mvuke, alibuni vyombo vya kutengenezea na kuvutia hewa hizo, na kijana Humphry Davy akaajiriwa kuzichunguza. Beddoes alitumaini kukiponya kifua kikuu. Haikuwezekana. Nikiwa mtu wa nchi ambako kifua kikuu bado kinajaza vitanda, nilisimama pale mvuani nikimheshimu kwa kujaribu. Alikuwa na hewa, alikuwa na vyombo, alikuwa na huruma. Hakuwa na namna ya kupima kiasi gani kimefika kwenye damu. Kipimo cha kidoleni tunachokibeba mfukoni kimetokana na wazo la mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya 1970.

Na kipimo chenyewe kina mipaka yake, inayonihusu mwili na ngozi. Mwenyeji wangu alikichukua kidole changu akakitazama, akanieleza kuhusu utafiti wa Marekani wa mwaka 2020. Miongoni mwa wagonjwa ambao kipimo kilisoma 92 hadi 96, damu ya ateri ilionyesha kwamba baadhi yao walikuwa chini ya 88. Kwa wagonjwa Weusi ilikuwa asilimia 11.7, kwa Weupe asilimia 3.6. Taa ya kipimo hupita kwenye ngozi, na ngozi nyeusi inaweza kukifanya kisome juu kuliko ukweli. Nikaifikiria ile 93 yangu ya angani, nikawafikiria wagonjwa wetu wote. Kwetu 92 isitufanye tutulie. Tutazame kasi ya pumzi, midomo, akili ya mgonjwa, na tumweke katikati ya lengo badala ya ukingoni. Kuna na mtego mwingine tunaoujua sana mlimani wakati wa baridi: aliyelala na jiko la mkaa chumbani. Sumu ya moshi hushika himoglobini, na kipimo husoma vizuri kabisa huku mtu anakufa. Huyo hapimwi kwa lengo. Anapewa oksijeni nyingi kadiri inavyowezekana.

Kabla sijaondoka, mwenyeji wangu alinitembeza tena kwenye kuta zile nilizozionea wivu. Baadhi ya vitanda vina matundu mawili yanayokaribiana, moja la oksijeni, jingine la hewa ya kawaida, na imewahi kutokea nchini humo mgonjwa anayehitaji oksijeni kuunganishwa kwenye hewa. Ndiyo maana vipima mtiririko vya hewa huondolewa visipotumika. Tangi kubwa halimwondolei muuguzi wajibu wa kufuata bomba kwa macho kutoka ukutani hadi puani.

Nimerudi nikiamini kwamba utaratibu huu unatufaa sisi zaidi hata ya wao. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitoa lita 15 kwa dakika humalizika baada ya saa 7 na nusu. Ukitoa lita 2 unadumu zaidi ya siku mbili. Kila 99 isiyohitajika ni pumzi anayonyimwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Wao wanapunguza ili wasimdhuru mgonjwa aliye mbele yao. Sisi tukipunguza kwa kipimo tunamlinda huyo na anayefuata. Hatuhitaji tangi ili tuanze. Tunahitaji kipimo kinachofanya kazi, kalamu, na kisanduku kwenye chati, na tumekwisha kukichora kwa rula kwenye chati zetu.

Na wewe unayeuguza mzazi au ndugu, usikubali ile kauli ya vijiweni kwamba akiwekewa oksijeni ndiyo basi. Watu wengi huwekewa, hushushiwa taratibu, na kurudi nyumbani. Ila usiongeze lita mwenyewe ukimwona anahema, usimvue kwa hofu, usiwashe kiberiti karibu naye, na midomo ikikauka usimpake mafuta ya mgando. Muulize muuguzi maswali mawili: lengo lake ni ngapi, na sasa yuko wapi? Tukishindwa kukujibu, una haki ya kutudai jibu.